The African Queen na meli yetu ya Kigoma

Nimeitazama tena The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, na kama kawaida nimeishia kuwapenda wale wawili huku nikiwa na kinyongo na hadithi yao.

Kisa chenyewe chepesi. Ni mwaka 1914, koloni la Wajerumani Afrika Mashariki. Wanajeshi wanachoma kijiji, mmisionari wa Kiingereza anapagawa na kufa, dada yake Rose anabaki peke yake. Anamchukua Charlie Allnut, fundi mpenda pombe ya jini mwenye kiboti chakavu cha mvuke, na bibie anamkomalia mpaka anakubali washuke mto wakailipue meli ya kivita ya Mjerumani ziwani. Charlie ni Humphrey Bogart, Rose ni Katharine Hepburn, basi. Kuna pale Charlie anapoamka na kumkuta Rose anamimina jini yake mtoni, chupa baada ya chupa, bila kumwangalia. Mtazame Bogart uso. Filamu hii ndiyo iliyompa Oscar, ya pekee maishani mwake, na kwangu mimi aliichukua palepale.

Huston angeweza kupigia kila kitu studio. Akawaburuta watu mpaka Kongo, mto Ruiki, kisha Uganda, Maporomoko ya Murchison, na kamera zile nzito za rangi za enzi hizo. Wakaugua malaria na kuhara. Hepburn, aliyekuwa anakunywa maji kwa makusudi ili kuwasuta Bogart na Huston na wiski yao, ndiye aliyeugua vibaya. Walevi wakabaki wazima! Matukio ya kuzama majini yalikwenda kupigwa Uingereza, kwenye tangi.

Ila ninalolipenda kuliko yote ni hili. Mwanzoni Hepburn alimcheza Rose akiwa amenuna. Huston akamfuata, akamwambia amkumbuke Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais wa Marekani, alivyokuwa akiwatembelea majeruhi wa vita hospitalini, na tabasamu lake lile. Maneno machache tu, na Rose mzima akapatikana. Hepburn aliandika baadaye kwamba hajawahi kupewa maelekezo mazuri kama yale.

Sasa kinyongo changu. Wanakijiji tunawaona kanisani, wakipapasa wimbo wasioujua, halafu vibanda vinawaka na wao wanaswagwa. Filamu haiwaulizi tena. Tunajua vita vile viliwapeleka wapi watu wetu: kubebeshwa mizigo na pande zote mbili, mamia ya maelfu yao, na makumi ya maelfu wakafia njiani kwa njaa na maradhi. Huston anawatumia dakika chache kumpa Rose sababu ya kukasirika, kisha kamera inapanda boti.

Na ile meli. Mimi ni wa Kigoma kwa mama, kwa hiyo kwenye filamu ikilipuka huwa nacheka. Meli iliyomchochea mwandishi wa riwaya, C. S. Forester, ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipandevipande mpaka Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni na kuunganishwa Kigoma. Ikaingia majini mwaka 1915. Hakuna mpenzi wa Kiingereza aliyeilipua. Mwaka 1916, walipoona wanazidiwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza mafundi wakazipaka mashine grisi nene, kama watu wanaofunga nyumba wakijua watarudi. Hawakurudi wao. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Shangazi yangu ameipanda mara nyingi kwenda Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Anasema kazi ilikuwa usiku, meli ikitia nanga mbali na ufuko, mitumbwi inaikimbilia, watu wanagombea mlango na magunia ya dagaa, mtoto anapitishwa juu kwa juu mikononi mwa watu asiowajua. Mwaka 2015 ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiwatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, kijiji cha mpakani, na kuwaleta Kigoma mjini.

Nilimwonyesha shangazi ule mwisho, meli inapasuka, Bogart na Hepburn wanaogelea wakiimba. Akaniuliza nahodha alikuwa nani. Nikamwambia Mjerumani. Akasema hapana, anamuuliza nahodha wa kiboti, maana mtu huingiaje ziwani usiku na upepo ule bila kumchukua hata mvuvi mmoja wa pale.