Kumbukumbu ya mradi wangu: mchaichai, kivumbasi na sufuria ya presha

4 Januari

Nataka kutoa mafuta ya harufu kwenye majani ya mchaichai na kivumbasi kwa kuyapitishia mvuke, kisha nione kama yanazuia ukungu. Nimepata sufuria ya presha ya lita 11 kwa jirani anayehama kutoka hapa Mwanga, Kigoma. Valvu yake imekufa, ndiyo maana kaiuza kwa bei ya chini. Mimi sihitaji presha, nahitaji tundu tu. Fundi friji kanikatia mita mbili za bomba la shaba, nikalizungushia kwenye chupa likajikunja vizuri, kisha nikalipitisha ndani ya ndoo ya maji baridi. Mvuke unaingia juu, maji na mafuta vinatoka chini.

Swali lililonisumbua kabla ya kuwasha jiko ni hili: sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, huchemka karibu na nyuzi 229. Hapa Kigoma, ziwa likiwa karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 97. Mafuta yatatokaje? Jibu ni kwamba maji na mafuta havichanganyiki, hivyo kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Misukumo ya mivuke hiyo miwili ikijumlishwa, inafikia mgandamizo wa hewa hata kabla ya joto ambalo maji peke yake yangechemkia. Baada ya kuelewa hilo niliacha kabisa kukoleza mkaa. Moto wa wastani unatosha.

12 Januari

Mchaichai kilo 4, umekatwakatwa, umenyauka siku moja kivulini. Mkupuo wa kwanza niliuharibu. Majani yalizama majini, yakashika chini, na kilichotoka kilinuka moshi. Mkupuo wa pili niliweka wavu wa chuma ili majani yakae juu ya maji, mvuke tu ndio uyapitie. Harufu ikatoka safi.

Kisha mpira wa mfuniko ukavimba, ukawa laini kama nyama. Mafuta haya hula mpira, na kitonea changu chenye kichwa cha mpira nacho kimeharibika. Sasa naziba mfuniko kwa donge la unga wa ngano. Likipata joto linakauka na kushika vizuri kuliko ule mpira.

Jumla nimepata mililita 11, rangi ya njano hafifu. Nimeyatia kwenye chupa ya kahawia na kuificha kabatini, kwa kuwa mwanga na hewa huichakaza sitrali.

Jioni mwenyekiti wa mtaa alipita. Alikuwa ameambiwa kuna bomba la shaba na ndoo uani kwangu.

"Kijana wangu, usije ukawa unapika gongo hapa."

"Hapana mzee, karibu unuse mwenyewe."

Akanusa chupa, akakaa nusu saa. Aliondoka na maji ya harufu yaliyobaki, akasema atapigia deki sebuleni.

25 Januari

Leo kivumbasi, na hapa ndipo mradi uliponishika hasa.

Tunaita kivumbasi mimea kadhaa ya jenasi ya Ocimum, jamaa za mrehani. Nilichuma miwili: mmoja nyuma ya nyumba ya mama mdogo Ujiji, mwingine njiani Katonga. Ukifikicha jani la Ujiji unapata karafuu. La Katonga ni kafuri tupu. Mafuta ya Ocimum hutofautiana sana: kuna yenye eujenoli nyingi, kiini kilekile cha karafuu, kuna yenye timoli, kiini cha thaimu, kuna yenye kafuri. Mtu akiniambia "mafuta ya kivumbasi yanaua vijidudu", siku hizi namuuliza kwanza: kivumbasi kipi?

Mkeneko wa Ujiji, yaani maji na mafuta yaliyotoka bombani, ulikuwa na weupe kama wa maziwa, matone yakaning'inia katikati ya maji. Hayakupanda, hayakuzama. Eujenoli ni nzito kidogo kuliko maji, viini vingine ni vyepesi, hivyo mchanganyiko wake unakaribia uzito wa maji yenyewe. Nikatia vijiko viwili vya chumvi, nikatikisa taratibu. Maji yakawa mazito zaidi, na baada ya dakika kumi utando wa mafuta ukajikusanya juu. Nilibaki nimechuchumaa pale nikiutazama.

2 Februari

Jaribio la ukungu: je, mvuke wa mafuta haya unauzuia kuota kwenye mkate? Mkate wa kuokwa nyumbani, usio na dawa ya kuhifadhi, vipande vitatu sawa, kila kimoja kimenyunyiziwa maji na kuwekwa kwenye chupa yake ya jemu. Chini ya mifuniko miwili nimebandika pamba: moja ina matone matatu ya mchaichai, nyingine matatu ya kivumbasi cha Ujiji. Chupa ya tatu ina pamba kavu. Mafuta hayagusi mkate, ni mvuke tu.

12 Februari

Chupa ya pamba kavu ilianza madoa ya kijani siku ya tatu. Ya kivumbasi siku ya sita. Ya mchaichai leo ni siku ya kumi na mkate ni mweupe.

Nimeitoa ile pamba ya mchaichai, na chupa nitaiacha wazi usiku mmoja kabla ya kuifunga tena.

16 Februari

Ukungu umeota kwenye mkate wa mchaichai. Kwa hiyo huenda mvuke haukuua mbegu za ukungu, uliziweka kifungoni tu, ingawa nyingine zingeweza kuingia chupa ilipokuwa wazi. Kuzuia na kuua ni mambo mawili, na lebo zangu zote nimezibadilisha leo: nilipoandika "inaua" sasa inasomeka "imezuia, siku 10".

Shangazi aliomba tone la kumpaka mjukuu kwenye kidonda. Nimemkatalia, na haikuwa rahisi kumkatalia mkubwa. Sitrali na eujenoli zikiwa kali hivi huwasha ngozi, na mkate wangu hauniambii lolote kuhusu bakteria. Viini hivi hupenya utando wa seli na kuufanya uvuje, lakini bakteria kama E. koli wana utando mwingine wa nje unaovizuia, ndiyo maana kwa kawaida ni wagumu kuliko bakteria wa Stafilokokasi, ambao hawana utando huo. Tumempeleka mtoto zahanati.

Kivumbasi cha Katonga kimeanikwa kivulini. Safari hii nitaweka matone matatu, sita na kumi na mbili, nione ni kiasi gani kinachozuia tu na kama kipo kinachoua.