Gari la Mwisho Kutoka Pinotepa de Don Luis

Nyumba ya wageni niliyofikia Puerto Escondido, katika pwani ya Pasifiki ya Meksiko, ilikuwa na ubao mlangoni uliotangaza safari nne za kwenda na kurudi siku hiyohiyo: kutazama pomboo alfajiri, kuachia vitoto vya kasa baharini jioni, kujifunza kuteleza juu ya mawimbi, na kwenda usiku kwenye laguna (ziwa la kando ya bahari) ya Manialtepec, ambako maji humetameta ukiyachota kwa mkono. Sina neno nazo. Ya Manialtepec nilikwenda, na vijidudu vile vya majini vinavyotoa mwanga vikitikiswa vilinikumbusha kasia za wavuvi wa kwetu katika usiku wa giza. Lakini kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeshakutana na watu walewale katika kila boti, wakipiga picha zilezile, na nikaanza kuona kwamba pwani yenye urefu wa mamia ya kilomita ilikuwa imekatwa vipande vinne na kubandikwa bei.

Sehemu niliyoitamani iko magharibi ya mji huo. Wenyewe wanaiita Costa Chica, yaani Pwani Ndogo, nayo huanzia upande wa Acapulco katika jimbo la Guerrero na kuingia ndani ya jimbo la Oaxaca. Barabara kuu namba 200 inapita humo, bahari ikiwa upande mmoja na milima upande mwingine, na vijiji vingi viko kwenye njia za vumbi zinazochepuka kutoka barabara hiyo. Mwezi Februari 2024 ilifunguliwa barabara mpya inayoshuka kutoka mji mkuu wa jimbo la Oaxaca hadi karibu na Puerto Escondido, na safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa sita kwa kona za milimani ikapungua hadi takriban saa tatu. Wageni wameongezeka mno tangu hapo, lakini wengi wao huishia kwenye fukwe za mawimbi na wala hawageuzi shingo magharibi.

Safari yangu ya kwanza huko niliiharibu mwenyewe. Nilitaka kwenda Chacahua, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1937 wakati wa urais wa Lázaro Cárdenas, ambayo ni mkusanyiko wa laguna, mikoko na kijiji kilichogawanywa na mlango wa bahari. Nilipanda kipanya hadi mji mdogo wa Río Grande, mwendo wa kama saa moja, kisha teksi ya kuchangia mpaka Zapotalito, kijiji cha wavuvi ambako njia ya lami inakomea majini. Kabla sijashusha mguu wa pili alinidaka kijana mmoja mwenye karatasi ya bei iliyofunikwa plastiki, akaniambia kwamba njia ya kawaida imefungwa na kwamba hapana budi nikodi boti nzima. Nililipa. Boti ilikuwa nzuri, ya faiba, na nahodha alipita polepole kwenye vichochoro vya mikoko ambamo korongo na mnandi walikuwa wamepanga safu juu ya mizizi. Lakini tulipotoka kwenye kona moja nilimwona mama mmoja na kuku wake wawili wakivushwa kwa boti ndogo hadi ng'ambo, na hapo pikapu ikiwasubiri iwapeleke kijijini kwa njia ya mchanga. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida, na haikuwa imefungwa hata kidogo. Nauli ya mama yule ilikuwa sehemu ndogo sana ya fedha niliyotoa mimi, na mimi, mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye vivuko na wapiga debe, nilikuwa nimeliwa kama mgeni wa jana.

Niliporudi Río Grande nilichukua chumba hapohapo mjini, jirani na mkahawa wa mama mmoja wa makamo ambaye kila anayeingia humwita *tía*, yaani shangazi. Katika pwani hii mtu mzima huitwa mjomba au shangazi hata kama hamna udugu wowote, jambo lililonipunguzia ugeni kuliko kitu kingine chochote. Nilimwuliza kuna nini cha kuona huku. Akanijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kikaango, kwamba hakuna kitu.

Jibu hilo nimelipata Pangani na nimelipata Kilwa, na halikuwa la kiburi. Ni kwamba mtu haoni cha kuonyesha katika mahali anapoishi. Asubuhi iliyofuata nilibadili swali. Nilimwuliza kome hawa alionipikia wanatoka wapi. Akaniambia wanaitwa *tichindas*, wanang'olewa kwenye mizizi ya mikoko kule Chacahua, na akanieleza namna ya kuandaa tamale yao: unga wa mahindi uliokandwa na pilipili ya pwani, kome wazimawazima na makombe yao ndani, kisha vyote vinafungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Ukila ni lazima uende taratibu, maana kila tonge lina makombe mawili matatu meusi ya kutoa mdomoni, na ukikuta makombe yameachama ndani ya unga ujue supu yake yote imeingia humo. Nilimwuliza pia Jumapili huwa anakwenda wapi, na nguo aliyoitundika ukutani, yenye mistari ya zambarau na nyekundu, ilifumwa na nani. Maswali hayo matatu yalinipa safari za juma zima. Kwa kila safari alirudia onyo moja: ukifika, kabla hujaangalia chochote, uliza gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi.

Jumapili aliniambia nipande Tututepec. Unateremka Santa Rosa de Lima kwenye barabara kuu, kisha teksi ya kuchangia inakupandisha kilimani. Leo ni mji mtulivu wenye kanisa, uwanja na wazee wa barazani, lakini hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya dola ya Wamixteki wa pwani, wenyeji wa asili wa nchi hii, ambayo Wahispania waliiteka mwaka 1522. Mtawala wake anayekumbukwa zaidi alizaliwa mwaka 1063, naye anajulikana kwa jina la Nane Kulungu Kucha ya Chui. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni siku yake ya kuzaliwa katika kalenda yao, na nilicheka peke yangu kwenye makumbusho ya kijiji nikiwafikiria akina Juma na Khamisi wote ninaowajua. Makumbusho yenyewe ni vyumba vichache vyenye mawe makubwa ya kuchonga, na siku hiyo nilikuwa mgeni pekee. Ukitoka nje unaiona tambarare yote chini yako, laguna za Chacahua ziking'aa kama vipande vya bati, na nyuma yake bahari. Ukiitazama nchi kutoka pale huhitaji kuelezwa kwa nini mtawala alichagua kilima hiki.

Ile nguo ya ukutani ndiyo iliyonipeleka mbali zaidi. Inaitwa *pozahuanco*, na iliyo bora hufumwa Pinotepa de Don Luis, mji wa Wamixteki ulioko milimani kaskazini ya Pinotepa Nacional. Niliondoka Río Grande saa kumi na mbili asubuhi. Kule Pinotepa Nacional nililipata gari la kupanda juu, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana na turubai juu yake, sawasawa na zile zilizobeba abiria Dar es Salaam miaka ya 1980, tulizoziita chai maharage. Dereva alinitazama, akaniuliza kama mimi ni wa Collantes. Nilidhani ni jina la ukoo. Kumbe Collantes ni kijiji kilicho karibu na hapo chenye wakazi weusi, vizazi vya Waafrika walioletwa utumwani enzi za Wahispania, na vijiji vya namna hiyo viko vingi katika Costa Chica, Chacahua ikiwa mojawapo. Katiba ya Meksiko iliwatambua rasmi mwaka 2019, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili na nusu nchini kote waliojitaja kuwa wa asili ya Kiafrika. Nilipomwambia dereva kwamba natoka Tanzania alifikiri kidogo, kisha akauliza iko upande gani wa Acapulco. Mama aliyekaa mbele yangu akamkemea kwa Kimixteki, na gari zima likacheka.

Kule juu niliona kwa macho yangu kile kilichofanya nguo ile iwe ghali. Fundi mmoja, mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, alikuwa ameketi uani juu ya mkeka, ncha moja ya mtande wake imefungwa kwenye nguzo na nyingine kwenye mkanda wa ngozi uliozunguka kiuno chake, hivyo kwamba akiegemea nyuma nyuzi zinakazana na akijipinda mbele zinalegea. Kitanda cha mfumi chote kilikuwa ni mwili wake na vijiti kadhaa. Aliniwekea mkononi vitonge vitatu vya uzi. Wa bluu ulitiwa rangi ya nili, na mwekundu rangi itokanayo na vidudu vinavyoishi juu ya dungusi kakati. Wa zambarau aliniambia niunuse.

Ulinuka pwani, harufu ile ya kombe lililosahaulika juani, ingawa tulikuwa milimani na bahari haionekani. Rangi hiyo hutoka kwa konokono wa baharini anayeishi kwenye miamba inayopigwa na mawimbi. Wanaume wa mji huu huenda kuwatafuta katika ghuba za Huatulco, mbali upande wa mashariki, wakati wa kiangazi, na zamani waliifanya safari hiyo kwa miguu kwa siku nyingi. Maji yakipwa, humbandua konokono kutoka kwenye mwamba, humbonyeza na kumpulizia, naye hutoa maji meupe yanayodondoshwa moja kwa moja juu ya uzi wa pamba, kisha hurudishwa mahali penye unyevu akiwa hai. Uzi hugeuka manjano, kisha kijani, na jua likiupiga huwa zambarau ambayo haitoki hata ukiufua miaka na miaka. Konokono aliyekamuliwa huachwa apumzike kwa muda wa kama mwezi mmoja. Katika miaka ya 1980 kampuni moja kutoka nje iliwakamua bila kuwapumzisha, wakafa kwa wingi, na mwaka 1988 serikali iliweka ulinzi juu yao. Hata hivyo fundi aliniambia kwamba wapo majangili wanaomla, na kwamba vijana wanaoijua kazi ya miambani wanahesabika kwa vidole.

Alisimama anionyeshe namna nguo hiyo inavyovaliwa. Huzungushwa kiunoni, ikakazwa, na ncha ikachomekwa ubavuni. Nilimwambia kwamba mama zangu wote hufunga kanga hivyohivyo, naye akataka kujua kanga inafumwa siku ngapi. Nilipomjibu kwamba inatoka kiwandani ikiwa imechapishwa, tena ina maandishi, alitaka kusikia maandishi hayo yanasemaje, nikatumia nusu saa nzima nikijaribu kutafsiri mafumbo ya masutano kwa Kihispania changu cha kuokoteza, naye akimfafanulia jirani yake kwa Kimixteki, jirani akinirudishia maswali.

Nguo ya zambarau halisi sikuweza kuinunua. Ni kazi ya miezi, na bei yake inastahili. Nilinunua kibuyu kilichochongwa ndege, kwa kuwa mji huo una mafundi wa vibuyu pia, na nilipokuwa nikitafuta chenji nikakumbuka lile swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Gari la mwisho lilikuwa limeondoka muda mrefu uliopita.

Mtoto wa fundi alinisindikiza hadi uwanjani, akaniongelea kwa dereva wa lori lililobeba mchanga. Nilikaa mbele, kibuyu mapajani, giza likiingia kwenye kona zile, na dereva akinilaumu kwa upole, maana watu wa huko hawapendi kusafiri usiku bila sababu ya maana. Nililala Pinotepa Nacional. Tía aliponiona kesho yake asubuhi hakusema kitu, aliniletea kahawa na kunyoosha kidole kwenye saa ya ukutani.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa nimesimama kando ya barabara namba 200 nikisubiri kipanya cha kurudi Puerto Escondido, lilipoegesha gari dogo lenye mume na mke kutoka Jiji la Meksiko. Kwa sura yangu walishaamua mimi ni mwenyeji, na mwanamume akaniita mjomba. Aliniuliza kuna nini cha kuona huku. Maneno "hakuna kitu" yalikuwa yameshafika mdomoni mwangu. Nikayameza, nikawaelekeza mkahawa wa tía, mlango wa tatu baada ya duka la dawa, na nikawaambia waagize tamale za kome.