Tamasha letu la Shangani na maji ya bamvua

Tarehe ya tamasha la kwanza niliichagua kwa macho. Nilitaka mbalamwezi juu ya bahari, basi nikatafuta kwenye kalenda usiku wa mwezi mpevu, nikaenda kwa afisa utamaduni kuulizia kibali. Nimezaliwa na kukulia Mtwara, lakini kwetu si wavuvi, na hilo lilinigharimu.

Ilikuwa Juni. Asubuhi tulisimamisha jukwaa la mbao kwenye mchanga wa Shangani, ufuko wetu wa Mtwara, maji yakiwa mbali kabisa, kina mama wamejiinamia huko wakiokota chaza. Saa kumi alasiri, tukiwa tunapima sauti, wimbi likagusa mguu wa jukwaa. Saa kumi na moja spika mbili za chini zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi na fundi mitambo anakimbia na miksa kichwani. Mzee mmoja aliyekuwa akitia kalafati dau lake alitutazama muda mrefu kabla hajasogea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kwani hukuuliza mtu? Mwezi mpevu ndiyo bamvua."

Akanieleza, nami nikawa kama mtoto wa chuoni. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu siku hizo hujaa alfajiri na jioni, saa kumi, saa kumi na moja, na ikifika saa nne usiku yamekupwa. "Mwezi wako usiuache," akasema. "Panda juu kwenye minazi, anza baada ya isha. Maji yatakuwa yanatoka."

Usiku ule tulianza saa tatu, kwa spika zilizosalia, na kusi likivuma vile nadhani waliosikia vizuri walikuwa Mikindani.

Mwaka wa pili nilimtii. Kuanza baada ya isha kulitupatanisha pia na watu wa msikitini, jambo ambalo sikuwa nimelipa uzito. Na uwanja, wallahi, ulikuwa unajiongeza wenyewe: kadiri watu walivyoingia, bahari ilirudi nyuma ikawaachia mchanga. Mwezi nao tuliuhamisha kutoka Juni hadi Novemba. Huku kwetu Juni mfuko umekauka. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakishaingia kwenye akaunti za wakulima hata muuza karanga anajua.

Ila bahari iliyonipa uwanja ikaninyang'anya geti. Nilikuwa nimekwenda Unguja kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, nikaona Ngome Kongwe ilivyo na kuta nene na mlango wa kusimamisha mtu wa tiketi. Mimi nilifunga kamba na turubai kati ya minazi. Maji yalipokupwa, watu wakazunguka kwa upande wa bahari, viatu mkononi, wakanisalimia kwa adabu kabisa. Mwaka wa tatu nikafuta kiingilio. Sasa wanaolipa ni wenye meza: mama ntilie, wauza pweza, wa soda, na vijana wanaolinda pikipiki. Haitajirishi mtu, lakini jenereta inapata mafuta.

Kitu ninachokipenda zaidi kilikuja kwa bahati. Wapiga sindimba kutoka Newala walifika, wakagonga ngoma zao, zikatoa mlio wa ndoo iliyopasuka. Unyevu wa pwani ulikuwa umelegeza ngozi. Wakawasha moto wa makuti, wakazigeuza taratibu kama mtu anayechoma mahindi. Nikamwomba kiongozi wao aharakishe. "Ngoma haiharakishwi, kaka," akanijibu. Nusu saa nzima, na umati wote ukauacha ukumbi wa taa ukaenda kuzunguka moto ule. Siku hizi moto umo kwenye ratiba, na vijana wa singeli, waliokuwa wakinung'unika kupangwa baada ya wazee, ndio wanaoleta makuti.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni vyoo. Tuna viwili vya kukodi na foleni yake usiku unaijua, na giza la ufukweni linawashawishi wanaume. Mzee wa dau keshanionya: asubuhi yeye ndiye anayepita pale peku.