Linalotembea na lisilotembea

Najua mnasubiri habari za harusi. Mpwa wangu kaolewa, alhamdulillahi, biriani lilitosha mpaka likapelekwa na kwa majirani, na katikati ya shughuli zile mwalimu mkuu wetu kapata uhamisho wa Micheweni, nami nikakabidhiwa funguo za ofisi hina haijakauka mikononi. Picha nitaweka nikipata nafasi. Leo nina jambo jengine, dogo hata kulisema mbele za watu naona haya, lakini haliniondoki.

Ni yule kijana wa vyuma chakavu.

Mnawajua hawa. Wanapita mtaani kwetu Machomane, hapa Chake Chake, Pemba, na pikapu lao na mizani ya kutungika, wanapaza sauti: mabati, betri, masufuria, friji bovu. Mimi nimo ndani ya Mswidi, ndilo jina la gari yetu kuukuu, nimeshafunga mkanda, ufunguo mkononi, na mama mkwe keshakaa na kikapu chake mapajani. Kijana akaja mpaka dirishani. Akatuamkia vizuri, shikamoo mama, shikamoo bibi, tukaitikia. Kisha akauliza:

"Mama, hili mnaliuza?"

Nikamwambia, "Hili linatembea, mwanangu."

"Naliona. Sisi tunapima kwa kilo. Linalotembea na lisilotembea, bei moja."

Basi. Hakucheka, hakubeza. Huku anasema, kidole gumba chake kinapita chini ya mlango wangu, pale bati lilipokunjwa, na kutu inamong'onyoka vipande vidogo vyekundu, vinamwangukia kwenye ndara. Akavitazama. Akafuta kidole kwenye suruali, akataja bei ya kilo, akaenda kwa jirani kuulizia friji.

Toka siku ile namjibu. Nimemjibu jikoni, nimemjibu nikisimamia mtihani wa darasa la saba, nimemjibu ukumbini maharusi wakipigwa picha, mpaka dada yangu akaniuliza mbona midomo inacheza, nikamwambia navuta uradi.

Jibu la kwanza lilikuwa la hasira, nalo halifai kuandikwa kwa sababu lilimtaja mama yake. Nimelifuta. Kijana ana adabu zake, na mama yake hana kosa lolote.

Jibu la pili lilikuwa la kimwalimu, refu. Ningemwambia: mwanangu, hii ni Volvo 245 ya mwaka 1981. Mbili ni ukoo wake, nne ni silinda zake, tano ni milango, ukihesabu na huo wa nyuma unaopandia magodoro. Ukoo huu ulianza kuundwa 1974, la mwisho likatoka kiwandani 1993, na yote pamoja yalipindukia milioni 2.8. Injini yake ni lita 2.1, bloku la chuma lililopakwa rangi nyekundu, na mkanda wa taimingi, ule unaozipangia valvu wakati wa kufunguka, ukikatika njiani, kama ulivyotukatikia sisi karibu na Mgagadu tukiwa na gunia za karafuu nyuma, valvu hazigongani na pistoni. Unavutwa mpaka kwa fundi, unafungwa mkanda mwengine, unaondoka. Gari nyengine mkanda ukikatika ni msiba wa injini nzima, watu wanakuja kukupa pole.

Tatizo ni kuwa kijana wa kichwani mwangu ni mjuzi kuliko yule wa kweli. Ananisikiliza mpaka mwisho, ananiangalia kwa heshima ileile, kisha ananiuliza: naam mama, na hilo bloku peke yake laweza kuwa kilo ngapi?

Asili ya gari wengi mnaijua, sirudii: marehemu baba alikuwa dereva wa mtaalamu wa Kiswidi, na siku mtu anarudi kwao wakaandikiana karatasi, gari ikawa ya baba. Lakini lipo moja sijapata kuwasimulia.

Usukani wa Mswidi uko kushoto, na sisi tunapita kushoto. Kwa hiyo mimi dereva nakaa upande wa mtaroni, na abiria wangu anakaa pale ambapo watu wamezoea kumuona dereva. Mama mkwe, na buibui lake na miwani yake, akipita Chake kwenye kiti kile wanafunzi wangu humshangilia: "Bibi anaendesha!" Zamani akiinamisha uso. Siku hizi ananyanyua mkono kuwaitika. Nikitaka kulipita lori la mchanga kwenye njia ya Mkoani, yeye ndiye macho yangu, maana mimi naona mgongo wa lori tu. "Bado," ananiambia. "Bado. Bado, mwanangu, mna mtu na baskeli. Haya, njoo." Na hajapata kushika usukani maisha yake.

Nilipokuwa mdogo nikimuonea baba huruma kwa gari yenye usukani upande usio wake. Akanambia aliyoambiwa na bosi wake: kwao Uswidi nao walikuwa hivihivi. Gari zao nyingi zilikuwa na usukani kushoto na huku njia ni kushoto, mpaka Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1967. Alfajiri ile, kabla ya kutimia saa kumi na moja, kila gari iliyokuwa njiani ilisimama, ikahamia upande wa kulia taratibu, ikangoja, na saa ilipotimia ikaondoka kulia. Nchi nzima. Yule bwana wakati huo alikuwa kijana, akisema alikwenda kusimama kando ya njia na nduguze kutazama. Kwa hivyo alipofika Pemba alikuwa mzungu pekee asiyelalamikia usukani. Akimwambia baba, hapa naendesha kama marehemu babangu.

Hili nalo nimemsimulia kijana, nikiwa nafua. Hakujibu kitu. Nafikiri lilimgusa kidogo.

Na mkanda wa kwenye kiti je? Baba alikuwa hawashi gari mpaka kila mtu kajifunga, hata kama safari ni ya kutoka Machomane kwenda Tibirinzi. Watu wakimcheka. Jina la Nils Bohlin hakulijua, mimi nimelijua baadaye. Alikuwa mhandisi Saab, kazi yake ni vile viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Volvo wakamchukua, na mwaka 1959 mkanda wake wa pointi tatu ukaanza kufungwa kwenye gari zao, unaoufunga kwa mkono mmoja, nao wakawaachia wenye viwanda vyengine wautumie. Shemegi yangu, ambaye kila sikukuu hunambia nimuuze Mswidi ninunue gari ya watu, kwenye Noah yake amekaa ndani ya mkanda wa hawahawa. Nilimwambia hivyo harusini. Akanambia, "Haya, na wewe ungekaa kwenye Noah ukaupata na kiyoyozi." Sikuwa na nguvu za kugombana na watu wawili kwa wiki moja.

Nilikuwa katika hali hiyo, nimenuna bila ya aliyeniudhi kuwepo, honi ya Mswidi ilipoanza kulia yenyewe kila nikikata kona. Nikampeleka kwa Fundi Mkimya.

Gari hizi za mwanzo wa miaka ya 80 zina maradhi ya waya. Gome la waya wa kwenye injini linakauka na kumong'onyoka, ukiugusa unabaki na shaba tupu mkononi. Fundi keshabadilisha wote wa mbele, uzi kwa uzi, kwa waya alionunua Darajani na rangi alizozipata, kwa hiyo pale palipoandikwa buluu kwenye kitabu kwetu ni manjano, na ramani anayo yeye kichwani. Namuombea umri mrefu kwa sababu nyingi, hiyo ikiwa mojawapo.

Honi ilimchukua dakika chache. Akaniuliza, kama anavyoniuliza kila nikienda, kama azikate taa. Maana Mswidi ukimuwasha tu na taa za mbele zinawaka, mchana kweupe, ndiyo sheria ya kwao toka 1977, na kutoka Chake mpaka Wete watu wananifumbia na kunifumbulia vidole kunitahadharisha. Nikamwambia aziache, nimeshazoea kusalimiwa. Akawa anafuata waya chini ya zulia, ghafla akatoka na kipande kilichokatwa kwa koleo, ncha zake zimefungwa utepe wa zamani.

"Mwalimu, huu umekatwa kwa makusudi. Unaingia ndani ya kiti chako."

Hapo nikakumbuka. Kiti cha dereva kina waya wa kupasha moto ndani yake, wa kumfaa mtu wa theluji. Baba aliukata mwenyewe siku ya kwanza gari ilipokuwa yake, akasema hapa Pemba tunaokwa bure na Mungu, hatuhitaji msaada.

Nikamwambia fundi auunge. Akanitazama. Ni maneno machache aliyonayo, akayatumia: "Una homa?" Nikamwambia nina mgongo. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisahihisha toka wiki iliyopita, na sasa nina ofisi yenye kiti kibovu zaidi. Akachokonoa. Ndani yake muna kidude kinachosubiri baridi ndipo kiruhusu umeme, nacho kwa hapa kwetu kingesubiri mpaka Kiyama, kwa hivyo akakiruka na kuniwekea swichi ya pembeni. Tukawasha injini.

Mwanzo si kitu. Nikataka kushuka. Halafu likaanza joto la polepole chini kabisa kwenye kiuno, pale hasa panaponikata, likapanda, likatulia. Jua la saa nane, jasho linanitoka usoni, na mimi nimefumba macho nasema ah, ah, mpaka vijana wa gereji wakaacha spana wakaja kutazama. Fundi Mkimya akacheka. Sijapata kumuona akicheka. Ana pengo upande wa kulia. Nikacheka na mimi mpaka mbavu zikaniuma. Nilicheka njia nzima, nikipita Gombani nacheka peke yangu, taa zinawaka, watu wananifumbulia vidole, na kwa mara ya kwanza toka Jumatatu kijana wa vyuma hakuwemo kichwani.

Balaa ni kwamba nilimsimulia mama mkwe. Akasema hana imani na hayo, atajionea. Toka hapo kila baada ya swala ya alasiri anatoka uani na tasbihi yake, anafungua mlango wa kushoto, anakaa kwenye kiti changu, na ananitumia mjukuu: mwambie mama yako aje awashe. Anasema dawa ya hospitali haijamfikia alipofikiwa na kiti. Nami nawasha, moshi unaingia jikoni, petroli inakwenda bila kwenda popote. Baba wa watoto kaniuliza mbona tangi linashuka na gari ipo uani. Nikamwambia amuulize mamake. Hajamuuliza.

Juzi nilikaa naye ubavuni, mimi abiria na yeye dereva, tukitazama ukuta wa jirani. Yuko raha mustarehe, kafumba macho, tasbihi inapita kidole kwa kidole. Nikasema moyoni, huyu ndiye shahidi wangu, alikuwepo, alisikia kila neno. Nikangoja aseme kitu.

Akasema, "Kwani yule kijana alitaja kilo shilingi ngapi?"

Nikamwambia sikumbuki.

Nakumbuka. Gari hii ina kama kilo 1,300, na ile hesabu nilishaipiga siku ileile kabla hatujafika sokoni. Sitoiandika hapa kwa sababu shemegi husoma.

Haya, ningeishia hapo nilale, lakini usingizi haupo, na si kwa sababu ya gari. Kitinda mimba wangu alikuja harusini na boti, akaondoka nayo kesho yake. Kakonda. Kanzu ya kakake niliyomvisha imempwaya mabegani. Nimemuuliza chuoni vipi, kanambia salama tu mama. Jana nikampigia mwenzake wa chumba, yule mtoto wa Konde mnayemjua, kumuulizia kama kafika salama. Mtoto wa watu akababaika, mwisho akanambia hawakai pamoja tena, mwanangu kahama toka Ramadhani. Kahamia wapi hajui, au hataki kusema. Na kodi ya chumba nimetuma mwezi huu kama kawaida, na ujumbe wa asante nimeupata. Baba yake bado sijamwambia. Kesho nina kikao changu cha kwanza na walimu saa mbili. Nikitoka hapo nitampigia mwanangu kwa simu ya ofisi, namba asiyoijua, nione atapokea.