Risasi Kumi, Siyo Tatu

Bunduki mbili zilikuwa juu ya meza ya saruji, bolti wazi, chemba tupu, midomo ya mitutu ikielekea kwenye tuta la udongo. Mojawapo ingekuwa yangu kabla jua halijatua. Ya kwanza ilikuwa ya kuwindia, ya risasi aina ya .300 Winchester Magnum, mtutu mwembamba, kilo 3.5 pamoja na darubini. Ya pili ilikuwa ya risasi aina ya 6.5 Creedmoor, mtutu mnene wa sentimita 66, kitako kinachorekebishika, kilo 5.8. Moyo wangu ulikuwa kwa ile ya kwanza. Niliamini kwamba risasi yenye nguvu zaidi ndiyo inayofika mbali kwa usahihi zaidi, na imani hiyo sikuwahi kuipima.

Mwalimu wangu wa shabaha hakubishana nami. "Zipige kumi kumi kwa mita 100, na darubini usiiguse katikati," alisema. "Karatasi ndiyo itasema."

"Tatu hazitoshi, Mwalimu?"

"Tatu zinakuambia unachotaka kusikia, mwanangu."

Risasi tatu za kwanza za Magnum ziliingia ndani ya sentimita 2. Nilikaribia kuinuka nikatangaze uamuzi. Ya nne ikapanda, ya tano ikaenda juu kulia, na kufikia ya kumi tundu la kwanza na la mwisho yalikuwa yameachana sentimita 6.5. Mwalimu alichukua ukanda wa karatasi, akaupitisha kati ya mtutu na mbao iliyo chini yake, akauvuta kuelekea chemba. Ulikwama katikati. Mtutu ulikuwa unagusa mbao upande wa kushoto. Mtutu mwembamba hupata moto haraka, na ukipata moto hujipinda kidogo. Ukiwa umeegemea mbao, mbao inausukuma upande mmoja, na risasi zinatambaa kuelekea upande ule ule. Mtutu wa bunduki ya masafa marefu haufai kugusa chochote kuanzia pale unapoungana na chemba hadi mdomoni. Karatasi ipite bila kukwaruza popote.

Lakini hilo lilikuwa nusu ya tatizo. Aliniomba nigeuke nyuma, akapakia magazini risasi nne, mbili za kweli na mbili bandia zisizo na baruti wala fataki, kwa mpangilio asiouonyesha. Ya kwanza ikalia. Ya pili ilikuwa bandia. Nilipobana kifyatulio, mdomo wa mtutu ulizama chini waziwazi, kana kwamba nimeusukuma, kumbe nimeusukuma kweli. Bega lilikuwa linajikaza na jicho linafumba kabla ya mlio, likilisubiri teke. Bunduki ya kilo 3.5 inayorusha risasi ya .300 Magnum hupiga teke zaidi ya mara mbili ya lile la 6.5 Creedmoor yenye kilo karibu 6, na mwili haudanganyiki, huanza kujihami baada ya risasi chache tu. Kifyatulio cha Magnum nacho kilihitaji karibu kilo 2 kukivuta. Kifyatulio kizito juu ya bunduki nyepesi maana yake kidole kinaiyumbisha bunduki yote.

Kwa 6.5 Creedmoor, tatu za kwanza zilikuwa na sentimita 2.2, hazikupendeza kama zile za Magnum. Zote kumi zikaingia ndani ya sentimita 3. Hapo ndipo nilipoelewa ninunue nini. Kundi la sentimita 3 kwa mita 100, likikua kwa uwiano tu, ni sentimita 18 kwa mita 600, na hilo unaweza kulifanyia kazi. Kundi linalohama kadiri mtutu unavyopata moto halina uwiano wowote.

Mambo mengine ya bunduki ile tuliyapitia haraka. Mitaro ya ndani ya mtutu ilizunguka mara moja kila inchi 8, ambayo inazituliza risasi ndefu za greni 140, yaani gramu 9.1. Kifyatulio, kilo 1.1. Mtutu wa 6.5 huanza kuchoka baada ya risasi 2,500 hadi 3,000, ilhali wa risasi aina ya .308 Winchester mara nyingi hupita 5,000. Kama risasi nyingi za mazoezi ndizo shida yako na huendi mbali zaidi ya mita 500, .308 bado ni chaguo la heshima, na sioni sababu ya mtu kulionea aibu.

Tukahamia mita 600, sasa nimelala chini. Hapa mkao ndio kila kitu. Mwili unyooke nyuma ya bunduki, siyo kwa mshazari, ili teke lipite begani moja kwa moja na msalaba wa darubini urudi kwenye shabaha wenyewe. Mfuko wa mchanga chini ya kitako, mkono wa kushoto ukiubana kukipandisha na kuulegeza kukishusha. Shavu juu ya kitako kwa uzito ule ule kila mara. Kisha unafumba macho, unapumua mara mbili, unafumbua. Msalaba ukiwa umehama kutoka katikati ya shabaha, usiuvute kwa misuli, sogeza kiuno. Misuli huchoka, mifupa haichoki. Tikisa kichwa kidogo: msalaba ukielea juu ya shabaha, zungusha gurudumu la pembeni la darubini mpaka utulie. Pumzi ikitoka, katika kile kituo cha asili kabla ya kuvuta nyingine, bana kifyatulio kwa ncha ya kidole kuelekea nyuma moja kwa moja, na ukishikilie hapo hata baada ya mlio, mpaka uione risasi ilipotua. Wengi wanakiachia upesi, na bunduki inasogea wakati risasi haijatoka mtutuni.

Niliweka mil 4.2 kwenye gurudumu la juu la darubini, lile la kupandisha. Mil ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya elfu ya umbali. Kila mlio wa gurudumu ni mil 0.1, yaani sentimita 1 kwa mita 100 na sentimita 6 kwa mita 600. Bendera zilikuwa zimelala, hakuna upepo. Risasi tano zikatua kwa urefu sahihi, lakini zote kulia, sentimita 13 hivi kutoka katikati. Nikataka kuzungusha gurudumu la upande, lile la kusogeza kulia na kushoto.

"Acha," Mwalimu alisema. "Kwa mita 100 ulikuwa katikati?"

"Katikati kabisa."

"Basi kosa limezaliwa njiani. Tazama miguu ya bunduki."

Ardhi pale ilikuwa na mteremko mdogo kulia, na mguu wa kulia ulikuwa chini kuliko wa kushoto. Bunduki nzima ilikuwa imeinama kulia nyuzi kama 3, na jicho langu lilikuwa limeshaizoea. Mil 4.2 kwa mita 600 ni mita 2.5 za kupandisha. Ukiinamisha bunduki nyuzi 3, sehemu ya ule upandishaji inageuka kuwa ya pembeni: sentimita 13. Kwa mita 100 kosa hilo halionekani kwa sababu pale hujapandisha chochote. Ningezungusha gurudumu la upande, ningekuwa nimesahihisha kwa mahali pale tu. Ningehamia ardhi tambarare, risasi zingekwenda kushoto kwa kiasi kile kile, na ningelaumu upepo. Tukafupisha mguu wa kushoto, tukafunga pimamaji ndogo kwenye darubini. Tano zilizofuata zilisimama katikati.

Upana ukawa umetulia, lakini mtawanyiko wa juu na chini bado. Nilikuwa na aina mbili za risasi, na kipima mwendo kilionyesha tofauti. Zile za kuwindia zilitofautiana mita 25 kwa sekunde kati ya ya haraka na ya polepole. Za mashindano, mita 9. Wastani wa mwendo ulikuwa kama mita 825 kwa sekunde kwa zote mbili. Tofauti ya 25 peke yake inatawanya risasi karibu sentimita 20 kwenda juu na chini kwa mita 600. Ile ya 9, karibu sentimita 7. Hakuna mkao utakaoponya baruti isiyolingana. Ukiona matundu yamejipanga wima kama ushanga, pima mwendo kabla ya kujilaumu.

Kuelekea saa tano upepo uliamka, na mazigazi yakaanza kucheza ndani ya darubini. Nayapenda kuliko bendera, maana yanaonyesha hewa yenyewe mahali risasi itakapopita. Ukiirekebisha darubini ione karibu kidogo kuliko shabaha, yanatiririka kama maji. Yakichemka wima, hakuna upepo wa pembeni, au unakuja usoni au kutoka mgongoni. Yakilala kabisa, upepo umeshapita mita 5 kwa sekunde na hayakuambii tena zaidi; hapo rudi kwenye bendera na nyasi. Kwa bunduki ile, upepo wa pembeni wa mita 2 kwa sekunde ulisukuma risasi kama sentimita 30 kwa mita 600, nusu mil, na wa mita 4 mara mbili yake. Risasi ya .308 ya greni 175 ingesukumwa karibu sentimita 90 na upepo huo wa 4. Ukija kwa mshazari wa nyuzi 45, chukua asilimia 70.

Nilikosa mara moja, vibaya, kulia. Nilikuwa nimehesabu upepo wa mita 3 kutoka kulia, nikashikilia pumzi nikitafuta utulivu kamili, na katika sekunde zile nne tano upepo ukafa. Tangu hapo nachagua hali moja ya upepo, nangoja irudi, nafyatua ikiwa bado ipo. Ikibadilika naachia pumzi na kuanza upya.

Kabla ya kuondoka tulichora mstari wima wa mita 1 kwenye karatasi ndefu kwa timazi, tukalenga chini yake kwa mita 100 na kuzungusha mil 10. Risasi zilipaswa kupanda sentimita 100. Zilipanda 98. Darubini ilikuwa inadai asilimia 2 zaidi ya inachotoa, karibu sentimita 5 kwa mita 600. Kwenye daftari, chini ya namba ya bunduki, niliandika marekebisho hayo, joto la hewa, mwendo wa risasi, na mahali risasi ya kwanza ya mtutu baridi ilipotua: sentimita 1 juu ya nyingine zote. Magnum ilirudi kwa mwenyewe.