Mwezi nani anaulipia luku?

Jana usiku luku, umeme wetu wa kulipia kabla, ilituishia katikati ya chakula. Tukatoka kibarazani kusubiri baba watoto atume tokeni. Mbalamwezi ilikuwa imewaka, uani kote kweupe. Binti yangu wa miaka minne akatazama juu, kisha akaniuliza:

“Mama, mwezi nani anaulipia luku?”

Nikamwambia ni Mungu. Akafikiri kidogo. “Basi tumwombe atutumie na sisi namba.”

Jamani, nilicheka mpaka machozi! Tokeni ilipofika akang’ang’ania kubonyeza mwenyewe, tarakimu zote 20. Mimi nasoma, yeye kidole kimoja, ulimi nje. Taa zikawaka, akapaza sauti: “Mungu ahsante, imeingia!”

Baba yake alikuwa bado kwenye simu. “Na mimi je, mama?”

“Wewe baba umetumwa tu.”

Nampenda huyu mtoto, sina la kuongeza. Maneno yake nayaandika kwenye daftari maalumu, karibu na ya kaka yake, aliyewahi kumuuliza bibi yao kama meno yake ya bandia kwenye glasi yamelala. Bibi akamjibu, “Ndiyo mume wangu, usiyaamshe.” Akanyata mpaka mlangoni.

Wa kwenu wamesema nini wiki hii? Niandikieni, nataka kuwasomea hawa wangu.