Siku tulipoisimamisha nyumba bila kuigusa

Faili la AutoCAD, ile programu ya kuchora kwa kompyuta, nililikuta limeshachorwa na mtu mwingine, ramani ya nyumba katikati na eliveshoni nne, yani michoro ya nyumba ukiitazama kila upande, zimeizunguka, ya mbele iko chini imesimama vizuri, ya nyuma iko juu kichwa chini miguu juu, za ubavuni zimelala, mapaa yote yameigeukia ramani. Ukiangalia haraka unaweza kudhani jamaa alikuwa na usingizi ila hapana, alikuwa anavuta mistari moja kwa moja kutoka kwenye kona za kuta na kingo za madirisha ya ramani mpaka kwenye eliveshoni, hivyo upana haukosei hata milimita. Mimi huwa nawaheshimu sana wanaochora hivyo kuliko wale wanaopima upya kila upande.

Kasheshe ikaja kwenye leyauti, yani ukurasa wa kupangia michoro kabla ya kuprinti. Karatasi ya A2, skeli 1:100, zote nne zinatakiwa zisimame kama nyumba za watu. Mwenzangu wa meza ya pili akasema si ukopi tu hizo tatu, uziweke pembeni, uzizungushe, kazi imeisha. Na kweli kwa siku ile ingekuwa imeisha, lakini mwenye nyumba alikuwa mtu wa kubadili mawazo kila saa, na ukiwa na eliveshoni moja mara mbili kwenye faili moja unarekebisha hii unasahau ile, baadaye fundi yuko saiti anauliza dirisha la ukweli ni lipi.

Kulikuwa na dada mmoja mkongwe pale ofisini, AutoCAD alianza nayo zamani. Akavuta kiti.

"Mdogo wangu, nyumba usiiguse. Geuza unavyoiangalia."

Basi nikadabokliki ndani ya vyupoti ya eliveshoni ya kulia, yani ile fremu ya leyauti inayoonyesha mchoro, fremu ikawa nene, yani sasa uko ndani ya modeli, kule mchoro wenyewe ulikochorwa, ila unachungulia kupitia kale kafremu. Akaniambia andika UCS, amri ya kugeuza mihimili ya X na Y, enta, Z, enta, 90, enta. Hakuna kilichosogea, ile alama ya X na Y tu ndo ikajigeuza. Halafu PLAN, amri ya kuutazama mchoro kwa kufuata hiyo mihimili, enta, enta tena, na nyumba ikainuka pale pale, msingi chini paa juu! Nikakimbilia tabu ya modeli kuangalia, kila kitu kimelala vilevile kama kilivyokuwa.

Ya nyuma ikawa 180. Ya kushoto aliifanya yule mwenzangu, akapiga 90 kama ya kulia, nyumba ikaning'inia kama popo, dada akacheka mpaka machozi. "Kaka, hiyo ni hasi 90, paa lake linaangalia upande wa pili."

Kitu kimoja kinaudhi kwenye PLAN, ikishageuza inaijaza fremu yote kwa michoro kwa hiyo skeli yako inapotea. Ndo maana unageuza kwanza, halafu unapiga ZOOM 1/100xp (ndo ile 1:100 ya karatasi, tulikuwa tunachora kwa milimita), unaisogeza ikae katikati, unafunga lile kufuli la vyupoti ili mtu akija kuzungusha gurudumu la maus asiharibu.

Kilichotula muda kweli ni maandishi. Vipimo na majina ya malighafi vilikuwa vimeandikwa vimesimama kule kwenye modeli, sasa nyumba zimesimama lakini herufi zimelala, za nyuma ndo kabisa unasoma umepinda shingo. Majina tukayafuta tukayaandika kwenye karatasi yenyewe, vipimo tukavipiga upya tukiwa ndani ya vyupoti ileile na UCS yake imeshageuzwa, hapo namba zikafuata zenyewe. Kazi ya kuchosha lakini kwa yale majina hata nakala za kukopi zisingekuepusha nayo.

Kabla hatujaprinti simu ikaingia, dirisha la jiko lisogezwe. Nikalisogeza kwenye ramani, nikalivuta kwenye eliveshoni yake iliyolala, nikarudi leyauti, limeshahamia mahali pake. Mwenzangu akaangalia skrini, hakusema kitu, akafungua faili lake yeye akaanza kufuta makopi.

Matoleo ya AutoCAD ya kuanzia 2010 yana mpangilio unaoitwa VPROTATEASSOC, ikiwa 1 unapiga ROTATE kwenye fremu na kilichomo kinageuka nayo, amri moja tu. Vijana wanaipenda. Mimi za ubavuni bado nafanya kwa UCS kwa sababu fremu ikigeuka nyuzi 90 iliyokuwa ndefu inakuwa pana, inapanda juu ya jirani yake, unaanza tena kuvuta kona kupanga karatasi upya. Kwa ile ya nyuma sawa, naizungusha fremu nyuzi 180, umbo linabaki lilelile na skeli haiguswi.